Maswali yenu: tipu, shikamoo na siku mbili za tano

Wiki hii walioandika wengi ni watu wanaoishi na wageni, iwe kazini au sebuleni. Tuanze mlimani.

Mimi ni mpagazi, Moshi. Tumeshuka na kundi la Wajapani, wametushukuru na kuinama mpaka tukaona haya, ila tipu hakuna. Wamarekani wa wiki iliyopita walitoa bila kuulizwa. Hawa Wajapani ni wabahili?

Hapana. Kwao, ukiacha hela mezani hotelini, mhudumu anaweza kukufuata hadi nje akurudishie, akidhani umesahau. Huduma nzuri imo ndani ya bei. Mmarekani naye usimdhanie ana roho nyeupe kuliko wenzake. Sheria ya shirikisho kwao inaruhusu mhudumu anayepokea tipu alipwe na mwajiri dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu 1991. Amekua akijua kwamba asipotoa yeye, yule hali.

Kwa hiyo msingoje mgeni awasome nyuso. Mwongozaji wenu awaeleze wageni utaratibu wa huku siku ya kwanza, kabla hamjapita geti. Aliyeelezwa hatasema hakujua. (Mimi, kwa maoni yangu, ningependa mshahara wa mpagazi utoshe, tipu ibaki shukrani. Lakini hukuniuliza hilo.)

Binti yetu amemleta mchumba wake, Mnigeria, Myoruba. Kuingia tu, kalala kifudifudi mbele ya mume wangu! Mzee karuka kwenye kochi. Kile ni nini? Mama wa eneo la Sakina, Arusha.

Ile ni shikamoo, mama. Yetu wengi huifasiri kuwa "nashika miguu yako", ila sisi tumebaki na neno. Mikono haishuki kokote, na siku hizi inarushwa hata na mtu aliye juu ya bodaboda. Wayoruba wameshika kitendo: mwanamume hulala chini mbele ya wakubwa, mwanamke hupiga magoti. Wahindi wengi huinama wakaigusa miguu yenyewe. Baba angeitikia tu marahaba, akamwinua kijana.

Kuna jambo moja la kuzungumza mapema: huko ukweni binti yenu naye huenda akatarajiwa kupiga magoti. Angekuwa Msukuma asingeshtuka. Kwa msichana wa Sakina ni bora aambiwe akiwa bado nyumbani, achague mwenyewe, kuliko kuduwaa mbele ya mama mkwe.

Nafanya kazi na dada kutoka Addis Ababa. Tukiahidiana saa mbili tunaelewana vizuri kuliko ninavyoelewana na Wazungu, lakini mwaka wake haulingani na wangu. Nani kamuiga nani?

Hakuna haja ya kuigana. Wote mnaliangalia jua. Karibu na ikweta huchomoza kwenye saa kumi na mbili, mwaka mzima. London mwezi wa Desemba linatoka kama saa mbili asubuhi, Juni linatoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Ungeanza kuhesabu wapi?

Mwaka wao uko nyuma ya huu wetu kwa miaka saba au minane. Una miezi 13, wa mwisho ukiwa na siku tano au sita, na mwaka 2000 waliusherehekea Septemba 2007. Usimcheke. Wiki yetu ina siku mbili za tano: Jumatano, na Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano.

Mjomba wangu wa Kibosho anasema utamaduni wa ndizi ni wa Wachagga peke yao. Kweli?

Waganda wana matoke, Wahaya wana rubisi, na ndizi yenyewe asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Mtori na mbege hakuna atakayemnyang'anya mjomba. Ila haya mwambie akishakumiminia kata ya kwanza, si kabla.