Friji inanguruma usiku kucha, nifanyeje?

SWALI: Tumebadilisha taa zote na tunazima kila tukitoka chumbani, lakini matumizi ya umeme hayashuki. Friji yetu inanguruma mchana na usiku. Ni lazima tununue mpya?

JIBU: Hongera kwa hizo taa, dada, balbu ya LED ya wati 9 inatoa mwanga karibu sawa na ile ya zamani ya wati 60. Ila friji haipumziki kama taa. Usikimbilie dukani. Bana karatasi mlangoni, funga, kisha ivute: ikichomoka kirahisi, mpira umechoka na baridi inavuja saa zote. Mpira hubadilishwa, hiyo ni kazi ndogo kwa fundi. Isogeze friji mbali kidogo na ukuta, ufute vumbi kwenye mabomba ya nyuma (chomoa waya kwanza, tafadhali). Ndani, nyuzi joto 4 zinatosha.

Na ikifa kabisa, nakuomba sana usiitupe jalalani. Friji nyingi za miaka iliyopita zina gesi ya R-134a, ambayo ikivuja hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Tafuta fundi mwenye mashine ya kuinyonya.