Mkwe amehama na wajukuu baada ya msiba: bibi anaweza kuomba nini mahakamani

Shikamoo mama, na pole sana kwa kufiwa na kijana wako. Nilivyokuelewa, marehemu ameacha watoto wawili, mmoja ana miaka 5 na mwingine 9. Uliwahi kukaa nao hapo Morogoro wakati wazazi wao wanahangaika na kazi. Baada ya arobaini mkwe wako amewahamishia Dar es Salaam kwa kaka yake na sasa hapokei simu. Unauliza kama sheria inakutambua. Inakutambua, ila si kwa hoja uliyoiandika, kwamba watoto ni wa ukoo wenu. Hoja hiyo peke yake itakuangusha.

Kwa Tanzania Bara sheria yako ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kifungu cha 38 kinamruhusu mzazi, mlezi au ndugu ambaye amekuwa akimtunza mtoto aombe mahakamani amri ya kumwona mtoto huyo mara kwa mara. Bibi na babu wamo katika maana ya ndugu. Mzigo wa kesi yako uko kwenye maneno "amekuwa akimtunza". Kuwa mama mzazi wa marehemu hakutoshi, inabidi uonyeshe ulivyowatunza.

Kwa hiyo kabla hujaenda popote, kusanya vielelezo. Tafuta kadi ya kliniki yenye mahudhurio ya huko Morogoro, risiti za ada au michango ya shule, na ripoti ya maendeleo ya mtoto uliyosaini wewe. Omba kampuni ya simu taarifa ya miamala ya fedha ulizokuwa ukituma, maana ujumbe kwenye simu hufutika na simu huibiwa. Pata barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa inayosema watoto waliishi kwako kuanzia lini hadi lini. Barua inayosema tu "ni bibi yao, tunamfahamu" haisaidii kitu. Mwombe aandike tarehe. Mwalimu wa darasa au jirani aliyekuwa akiwaona kila siku ni shahidi mzuri kuliko shangazi yao.

Hatua ya kwanza si mahakama. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri wanakoishi watoto, yaani huko Dar, si hapo Morogoro. Atamwandikia mama yao wito, mtakaa mbele yake, na mkikubaliana ataandika makubaliano mtakayosaini wote. Mengi huishia hapo, hasa mama akishajua kwamba hukuja kumnyang'anya watoto. Akikataa wito au akivunja makubaliano, kumbukumbu za ofisi hiyo zinaonyesha mahakamani kwamba ulianza kwa amani.

Ikishindikana, ombi linapelekwa Mahakama ya Watoto. Hapa wengi hupoteza muda. Mahakama hiyo mara nyingi hukaa kwenye jengo lile lile la mahakama ya mwanzo, lakini anayesikiliza ni hakimu mkazi. Ukifungua shauri la kawaida la madai kwenye mahakama ya mwanzo utaambiwa umekosea mlango, baada ya kupoteza wiki kadhaa. Mwambie karani wazi kwamba ni ombi la kumwona mtoto chini ya Sheria ya Mtoto. Ombi huambatana na kiapo chako, yaani maelezo ya maandishi unayoapa kwamba ni ya kweli, na vielelezo vyote vitajwe ndani ya kiapo. Huna uwezo wa kulipa wakili? Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) hutoa msaada wa kisheria bure. Wasaidizi wa kisheria walioko kwenye kata watakuelekeza kuandaa nyaraka, ingawa hawaruhusiwi kukusimamia mahakamani.

Hukusema kama marehemu alifunga ndoa, au kama jina lake lipo kwenye vyeti vya kuzaliwa. Lipo? Basi huna tatizo. Kama halipo na mama anakana kwamba ni watoto wa marehemu, itabidi suala la uzazi lithibitishwe kwanza. Kifungu cha 35 kinataja ushahidi unaopokelewa: jina kwenye daftari la vizazi, sherehe ya kimila aliyoifanya baba kwa ajili ya mtoto, kumtambua mtoto hadharani, na vipimo vya DNA. Usichelewe, kwa kuwa maombi ya uzazi yana ukomo wa miaka 3 tangu baba kufariki.

Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo ina kifungu cha 126, ambacho watu wachache hukikumbuka. Mahakama inapoamua mtoto akae na nani, inaweza kuweka sharti kwamba ndugu wa mzazi aliyefariki, au wa mzazi ambaye hakupewa malezi, yaani haki ya kukaa na mtoto, wamtembelee mtoto. Kwako ni hoja ya kuongezea nguvu. Ila kwa bibi na babu ambao mtoto wao yu hai na kesi ya talaka inaendelea, hiyo ndiyo njia fupi: mtoto wao aliombe jambo hilo ndani ya shauri hilo hilo.

Sasa kuhusu unachoomba. Usiombe kukaa na watoto kama unachotaka ni kuwaona. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Mtoto kinaitaka mahakama iangalie kwanza maslahi ya mtoto na umuhimu wa mtoto kuwa na mama yake, kisha umri na jinsia yake, maoni yake kama ameyatoa kwa hiari, kutowatenganisha ndugu, na malezi yasikatikekatike. Ukiomba malezi unapambana na yote hayo. Ukiomba kuwaona, mengi yanakuwa upande wako: mtoto aliyezoea kulelewa na bibi akikatwa naye ghafla, malezi yake yamekatika.

Na ombi liwe la wazi. Amri inayosema "bibi atawaona watoto kwa nafasi" haitekelezeki, kwa sababu nafasi haitapatikana kamwe. Omba hivi: Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, Dar es Salaam, wiki moja ya likizo ya Juni na moja ya Desemba, Morogoro, simu kila Jumapili saa 12 jioni, nauli juu yangu, makabidhiano yafanyike ofisi ya ustawi wa jamii au kwa mtu fulani anayeaminika, mtoto akiugua, siku ihamie Jumamosi inayofuata. Hakimu akiona mpangilio wa namna hiyo ana kitu cha kuandika.

Mahakama inaweza kumwagiza afisa ustawi aandae taarifa, naye atakuja nyumbani kwako. Ataangalia watoto watalala wapi, na chumba kimoja na nani, chandarua kipo, ni wanaume gani wanaishi hapo, shule na zahanati ziko umbali gani. Atasikiliza pia unavyomzungumzia mama yao. Ukianza kumwita mchawi aliyemuua mwanao, taarifa imeshaandikwa. Wala usiwafundishe watoto maneno ya kusema. Maswali mawili tu yanatosha kumjulisha afisa kwamba mtoto amekaririshwa.

Mambo matatu yanayoharibu kabisa: kwenda shuleni kuwachukua bila ridhaa ya mama, kwa kuwa kumwondoa mtoto kwa mwenye malezi halali kumekatazwa na kifungu cha 40 cha Sheria ya Mtoto, kutumia matunzo kama bei, "nitalipa ada nikiwaona", na kuchanganya jambo hili na mirathi. Kama ukoo unagombea nyumba ya marehemu na mjane, wewe jiweke kando ya mgogoro huo, na useme hivyo kwenye kiapo. Nimeona maombi mazuri yakizama kwa sababu hiyo tu.

Amri ikitoka na ikavunjwa, usiende na polisi wala vijana wa ukoo. Andika tarehe ulizofika ukakosa watoto, tunza tiketi za basi, kisha rudi mahakama ile ile iliyotoa amri.

Kwa wasomaji wa Zanzibar, haya hayawahusu moja kwa moja: huko kuna Sheria ya Mtoto Na. 6 ya 2011, na kwa Waislamu masuala ya nani akae na mtoto husikilizwa na Mahakama ya Kadhi. Mama, ukiweza nijibu kuhusu vyeti vya kuzaliwa, maana hicho ndicho kitaamua uanzie wapi.