Mkojo upimwe kwanza, dawa baadaye

Kila nikikojoa naungua. Duka la dawa wananiuzia vidonge, napata nafuu, kisha yanarudi. Nifanyeje? (Mama, Kayole)

Pole sana, mama. Usinunue tena vidonge kabla ya mkojo kupimwa. Huenda bakteria wameshaizoea dawa hiyo, au tatizo si njia ya mkojo. Magonjwa ya zinaa nayo huunguza. Omba mkojo uoteshwe, yaani bakteria waliomo wakuzwe maabara. Majibu huchukua siku mbili tatu, lakini yataonyesha ni bakteria gani na dawa ipi inawaua. Jisafishe kwa maji, anza kukojoa chooni, kinga mkojo wa katikati kwenye kopo la maabara, umalizie chooni. Kopo lifike upesi: likikaa mkobani huku umekwama kwenye foleni ya Jogoo Road, bakteria huzaana na majibu hupotosha. Ukipata homa, kutetemeka na maumivu ya ubavuni, nenda hospitali siku hiyohiyo; figo zimeguswa.

Nimeanza dawa za TB, mkojo umekuwa wa rangi ya machungwa. Niziache? (Mathare)

Usiache hata siku moja. Ni rifampisini hiyo, hutia rangi hata jasho na machozi. Ila mkojo ukiwa mweusi kama strungi na macho yakawa ya njano, rudi kliniki leo, ini linaumia.

Nina mimba ya miezi saba. Mbona kliniki bado wanataka mkojo? Si mimba inajulikana? (Umoja)

Wanatafuta protini. Ikionekana baada ya wiki 20 pamoja na presha ya 140/90 au zaidi, kifafa cha mimba kinaweza kufuata. Mwanzoni mama hujisikia mzima kabisa, ndiyo maana nawasihi msiruke kliniki. Kichwa kikiuma sana au ukiona maruerue, usingoje tarehe.

Niliona damu mwishoni mwa mkojo, bila maumivu, ikaisha. Nilikulia Tana River. (Kijana, South B)

Kuisha kwake kusikutulize. Kama ulikuwa ukioga kwenye mabwawa na mifereji, huenda ni kichocho, ugonjwa wa minyoo ya majini, nacho hukaa mwilini miaka mingi. Peleka mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai ya minyoo hiyo yanapotoka kwa wingi. Hapa matone ya mwisho ndiyo yanayotakiwa. Mwambie mtu wa maabara ulikokulia, maana hapa Nairobi huenda asikifikirie. Kina tiba, prazikwanteli. Mayai yasipoonekana, kibofu na figo zichunguzwe: damu isiyo na maumivu yaweza kuwa saratani, hasa kwa mvutaji sigara au mtu wa makamo.