Kwa Wanaoanza Kuchambua Viwango vya Matunda: Kipimo Kimoja, Mizigo Miwili

Nimemaliza kupitia rasimu za wachambuzi wapya, na sentensi ileile imejitokeza tena: "Kiwango hiki hakibagui, kwa kuwa kinatumika sawa kwa matunda ya ndani na ya nje." Wadogo zangu, nawapenda, lakini sentensi hiyo itanizeesha kabla ya wakati.

1. Tenganisheni ubora na usalama. Ukubwa, rangi na ukomavu huangukia Mkataba wa Vikwazo vya Kiufundi katika Biashara, wa Shirika la Biashara Duniani. Nzi wa matunda na mabaki ya viuatilifu vina mkataba wao, ule wa afya na usafi wa mimea (SPS).

2. Someni kipengele cha ustahimilivu kabla ya kulalamika: Umoja wa Ulaya huruhusu asilimia 5 ya matunda kutotimiza sharti katika daraja la Ekstra, lililo la juu kabisa, na asilimia 10 katika daraja la I.

3. Sasa hiyo sentensi. Nchini Marekani, kifungu cha 8e cha sheria ya masoko ya kilimo ya mwaka 1937 hutaka mazao kadhaa ya kigeni yatimize masharti sawa au yanayolingana na yale ya wakulima wa ndani, wakati masharti hayo ya ndani yanapotumika. Wengi wenu huishia hapo, mkaweka alama ya vema. Lakini mwaka 1969 wakulima wa nyanya wa Florida (naam, kwenye sheria nyanya husafiri pamoja na matunda) waliwekewa kima cha chini cha ukubwa ambacho kilikuwa kikali zaidi kwa nyanya zilizoanza kuiva shambani kuliko kwa zilizochumwa kijani. Florida ilichuma za kijani kwa wingi. Meksiko ilituma zaidi zilizoanza kuiva. Sheria haikutaja nchi yoyote, wala haikuhitaji kufanya hivyo.

Zabibu zinafundisha zaidi, kwa sababu huko hata kipimo hakikuguswa. Mkaguzi hufungua katoni, hukamua punje, hudondosha maji yake kwenye kioo cha refraktomita, kifaa cha kupima sukari, na kusoma kiwango chake, vilevile kama zamani. Kilichobadilika mwaka 2009 ni kalenda: kipindi cha masharti kilichokuwa kikianza Aprili 20 kikaanza Aprili 10. Zabibu za jangwa la Kalifornia huwa bado ziko mzabibuni siku hizo, ilhali shehena za mwisho wa msimu wa Chile ndizo zinazofika bandarini. Mchambuzi aliyelinganisha vipimo peke yake angeapa kwamba hakuna kilichotokea.

4. Msikimbilie kupiga kelele za ulinzi wa soko, maana hilo nalo ni uvivu. Mnunuzi haonji kiwi dukani, na aliyeuziwa kiwi lenye uchachu mara moja hukaa mbali na tunda hilo msimu mzima, akiwaadhibu hata wauzaji waliosubiri likomae. Sharti la ukomavu linaweza kupunguza shehena za mapema na bado likakuza mauzo ya msimu. Sharti la ukubwa hujitetea kwa shida zaidi, kwani mnunuzi ana macho.

5. Idadi ndogo ya shehena zilizokataliwa bandarini si ushahidi kwamba kiwango ni chepesi. Matunda madogo huondolewa kwenye meza ya kupangia, kabla ya kontena kufungwa, na takwimu za forodha hazitayaona kamwe. Ombeni wapakiaji mgawanyo wa ukubwa wa mavuno kabla hayajachambuliwa, ndipo mnirudishie rasimu.