Homa ya wiki ya tatu baada ya moyo kuchomwa

Ablesheni, yaani kuchoma kwa ncha ya katheta (mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa) sehemu za moyo zinazozua mapigo ya ovyo, huogopewa zaidi pale mezani. Lakini mezani kuna watu na mashine. Katheta ikitoboa ukuta wa moyo na damu ikajaa kwenye mfuko unaouzunguka, presha hushuka daktari akiiona kwenye skrini, na sindano huingizwa hapo hapo kuivuta damu hiyo. Ya kuhofia zaidi ni yanayokuja mgonjwa akiwa keshafika kwake, pengine amerudi kutoka India na aliyemtibu yuko ng'ambo ya bahari.

Kinena ndicho kinachosumbua wengi. Katheta hupitia vena kubwa ya paja, na mgonjwa ameshapewa dawa za kuzuia damu kuganda, hivyo tundu dogo tu huvuja. Ngozi ikivilia damu hadi katikati ya paja, kisha ikageuka kijani na manjano kwa wiki mbili, si neno. Uvimbe unaokua, au unaodunda ukiugusa, upigwe ultrasaundi siku hiyo hiyo. Damu ikitoka, lala chali, kandamiza kwa vidole vitatu juu kidogo ya kidonda, upande wa tumboni: sindano iliingia kwa mshazari, kwa hiyo tundu la mshipa liko juu ya lile la ngozi. Dakika 10 kamili ukitazama saa, bila kuchungulia. Kule kuchungulia ndiko kunakobandua damu iliyokwisha kuganda. Isipokatika, endelea kukandamiza huku ukipelekwa hospitali. Kwa wiki nzima usinyanyue zaidi ya kilo 5, basi ndoo ya lita 20 wabebe wengine, na choo cha kuchuchumaa kiepuke ukiweza.

Mapigo kwenda mbio mara moja moja katika miezi 2 au 3 ya mwanzo hakumaanishi kazi imeshindikana. Makovu bado yanakomaa. Hapo wengi hufanya kosa la kinyume: mapigo yametulia, wanaacha dawa za kuzuia damu kuganda. Aliyechomwa kwenye chumba cha juu cha kushoto azimeze angalau miezi 2, kwa kuwa ngozi ya ndani iliyoungua hukaribisha mabonge ya damu, na bonge likienda kichwani ni kiharusi. Diklofenaki ya duka la dawa usiichanganye nazo.

Sasa homa. Umio umepita nyuma ya chumba hicho hicho, milimita chache tu kutoka ukuta wake. Joto likiufikia, hutokea kidonda, na mara chache sana kidonda hutoboka na kufungua njia kati ya umio na moyo. Hewa na vijidudu huingia kwenye damu. Hili hujitokeza hasa wiki ya 2 hadi ya 4, hata mwezi wa pili: homa, kutetemeka, maumivu ya kifua au ya kumeza, kutapika damu, kisha mkono au mdomo kupooza. Kwetu, mtu mwenye homa na baridi hupewa dawa ya malaria au ya taifodi na kurudishwa nyumbani. Kipimo cha malaria kifanyike, sawa, lakini hata kikisoma ndiyo, daktari aambiwe moyo ulichomwa lini.

Kipimo kinachotakiwa ni CT (picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta) ya kifua yenye dawa ya rangi. Endoskopi, yaani kuingiza mpira wenye kamera kupitia kooni, isifanywe. Mpira ule hupuliza hewa ndani ya umio, na hewa ikipita kwenye tundu huingia moyoni na kupanda kwenye ubongo. Mgonjwa asile wala asinywe, atafutiwe daktari wa upasuaji wa kifua haraka. Bila upasuaji wachache mno hupona.

Kabla ya kuruhusiwa kuondoka, omba barua yenye tarehe, chumba cha moyo kilichochomwa, njia iliyotumika, dawa na dozi zake, namba ya simu ya zamu ya usiku, na sentensi hii kwa herufi kubwa: ENDOSKOPI ISIFANYWE KABLA YA CT. Ikae pamoja na kadi ya bima, na nakala yake apewe mtu mwingine wa nyumbani, maana mwenye dalili hizi huenda asiweze kuongea.