Mwalimu Tuambie: Watoto 94 darasa moja, ubinadamu nauanzia wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Morogoro vijijini, mwaka wa tatu kazini, nafundisha darasa la tatu na nina watoto 94, sijakosea kuandika, tisini na nne, dawati moja wanabanana wanne mpaka watano. Juzi tulikuwa na semina, mwezeshaji akatuambia tumfundishe mtoto kama mtu, tumsikilize, tumpe nafasi ya kuchagua, akataja na wazungu wake, Rogers na Maslow. Tulitoka pale tunaangaliana tu. Sasa mwalimu, katika hao 94 nimsikilize nani nimuache nani? Na nikiweka fimbo chini si watanipanda kichwani? Naomba unijibu kama mwalimu mwenzangu, sio kama semina.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana na kazi. Kwanza nikutoe wasiwasi, hao 94 sio kosa lako. Ada na michango ilipoondolewa Januari 2016 watoto wengi waliokuwa wanabaki nyumbani walikuja shule, na hilo ni jambo jema kabisa, ila vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi ileile, kwa hiyo mzigo ukawaangukia nyie mlioko darasani.

Ngoja nikusimulie kitu kilichonitokea mimi huko Tanga miaka yangu ya mwanzo. Nilikuwa na kijana mmoja darasa la nne, daftari lake la hisabati kila wiki linapungua, kurasa zinachomolewa pale katikati kwenye pini mpaka daftari limebaki jembamba kama kadi ya kliniki. Nikimuuliza ananyamaza. Nilimchapa Jumatatu, nikamchapa tena Alhamisi, na bado kurasa zinapungua. Jumamosi moja niko stendi nasubiri gari nikamuona ana sinia kichwani, anauza karanga za kukaanga, zimefungwa kwenye karatasi iliyokunjwa kama koni. Nikanunua moja, nikala, nikaikunjua ile karatasi nitupe, nikakuta tiki nyekundu na mwandiko wangu mwenyewe: Vizuri.

Yaani nilisimama pale na ile karatasi mkononi sijui niiweke wapi. Karanga anakaanga bibi yake, karatasi za kufungia hawana, kwa hiyo daftari ndio karatasi. Akaja abiria akachukua saba, wakati huo moja ilikuwa shilingi 50, akatoa noti ya 500, na yule mtoto akarudisha 150 hata hajafumba jicho. Huyohuyo darasani ukimwandikia ubaoni 500 toa 350 anabaki anauma penseli!

Jumatatu nikamuita pembeni nikamwambia nimekukosea, naomba unisamehe. Halafu nikawa namkusanyia magazeti ya zamani pale ofisini kwetu ya kufungia karanga, na somo la kugawanya tukalifanya kwa karanga, yeye ndio anawaelekeza wenzake. Daftari halikuchanwa tena, na ile sauti ambayo nilikuwa siisikii mwaka mzima nikaanza kuisikia.

Sasa huyo Rogers wa semina, jina lake Carl Rogers, Mmarekani aliyezaliwa 1902, kazi yake hasa ilikuwa kukaa na watu wenye matatizo na kuwasikiliza, na mwaka 1969 akatoa kitabu kizima kuhusu uhuru wa kujifunza. Ukimuondolea maneno magumu alichokuwa anasema ni mambo matatu, mwalimu awe mkweli asijifanye, amthamini mtoto bila kumwekea masharti, na ajitahidi kuyaona mambo kwa macho ya yule mtoto. Angalia vizuri hapo, hakuna hata moja linalodai projekta. Maslow naye, Mmarekani mwingine, mtaalamu wa saikolojia, maandishi yake ya 1943, anasema mtu mwenye njaa akili yake yote iko kwenye njaa, na hilo wewe unalijua kuliko yeye maana unawaona saa nne asubuhi wanavyosinzia. Kama kijiji chenu hakijaanza uji shuleni lipeleke kwenye kikao cha wazazi, lipiganie, kwa maoni yangu kikombe cha uji kitakusaidia kuliko semina tatu.

Kuhusu kuwasikiliza wote 94 fanya hivi. Chukua watoto watano kwa siku, dakika mbili mbili, wakati wengine wanaandika zoezi au wakati wa usafi. Usimuulize masomo. Muulize anaamka saa ngapi, anaishi na nani, anapenda nini, na ukitoka hapo andika mstari mmoja kwenye daftari lako. Wiki nne za shule umewapitia wote, na nakuhakikishia mistari hiyo itakuonyesha kwa nini fulani anachelewa kila siku na kwa nini fulani hajawahi kunyoosha mkono.

Na fimbo. Hivi unajua kanuni za serikali za toka 1979 hazikuachii uchape unavyotaka? Ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeruhusiwa na yeye kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na vinaandikwa kwenye kitabu. Wengi tunachapa kama vile fimbo imo kwenye barua ya ajira. Kelele zitakuwepo wiki ya kwanza na ya pili, sikufichi, kwa hiyo kaeni na watoto mtunge sheria za darasa, zisizidi tano, waseme wenyewe, ziandikwe ukutani kwa mwandiko wao. Mtoto anayevunja sheria aliyoitunga mwenyewe wenzake ndio wanamkumbusha, wewe unabaki kufundisha.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, Bukoba. Nasoma safu yako kila mara na naona mnataka kutuletea malezi ya Ulaya. Sisi tulichapwa na tumekuwa watu. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Methali naiheshimu, ila kumkanya mtoto na kumpiga ni vitu viwili, unaweza kumnyima mtoto jambo, ukamkalia kidete mpaka akalia, na usimguse. Halafu hili sio la Ulaya peke yake. Mwalimu Nyerere, aliyefundisha Tabora na Pugu kabla ya siasa, kwenye andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967 alitaka shule imjengee mtoto akili ya kudadisi na imfanye ajiamini, na mtoto anayeogopa kuuliza swali atadadisi saa ngapi? Mzee utakumbuka pia kisomo cha watu wazima, 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mkulima anajifunza kusoma kwa mambo ya shamba lake na afya yake. Kule Brazil mwalimu mmoja, Paulo Freire, alikuwa amefanya hivyohivyo kwenye mji mdogo wa Angicos mwaka 1963, vibarua 300 hivi, wakaanza na maneno ya maisha yao wenyewe, na miaka ya 1970 huyo Freire alifika mpaka Dar. Kuna shule Uingereza, Summerhill, iliyoanzishwa 1921, mtoto anaruhusiwa hata kutoingia darasani, huko mimi siendi na sikushauri. Mimi naomba tu mtoto aingie darasani bila kutetemeka.

SWALI: Assalam aleikum mwalimu. Niko Mombasa, mwanangu yuko gredi ya nne, wiki ya pili sasa kila asubuhi tumbo lamuuma, kumbe mwalimu amempiga rula za vidole sababu ya hesabu. Nikienda kusema naogopa wataanza kumchukia.

JIBU: Waaleikum salaam mamangu. Tumbo hilo ni la kweli, usimwambie anasingizia. Kenya kiboko kilipigwa marufuku shuleni 2001, na sheria ya elimu ya msingi ya 2013 imekataza kabisa, kwa hiyo hauendi kuomba fadhila. Anza na mwalimu mwenyewe, nenda kwa upole, mwambie mwanangu anakuogopa na mimi nataka akupende, tufanyeje? Wengi wanalainika hapo. Asipobadilika nenda kwa mwalimu mkuu, halafu bodi ya shule, na namba ya bure ya watoto ni 116. Na leo usiku akishapanda kitandani muulize ni hesabu gani ile iliyomshinda, kisha unyamaze umngoje, hata akikaa kimya muda mrefu we mngoje tu.