Mafuta na misuli: ni urithi?
Unauliza kwa nini ukijinyima chakula mafuta na misuli vinapungua pamoja, kama kwa baba yako. Urithi unachangia: baadhi ya jeni huongeza vyote viwili. Lakini jeni iitwayo FTO, iliyohusishwa na unene mwaka 2007, huathiri zaidi hamu ya kula, na mwenye nakala mbili za aina yake inayoongeza unene (moja kutoka kwa kila mzazi) huwazidi wasio nayo kwa wastani wa kilo 3 tu. Kipimo cha jeni ni kupoteza pesa.

Punguza nusu kilo kwa wiki. Ukiharakisha, mwili unakula misuli. Nyanyua vyuma mara 2 au 3 kwa wiki, na kula protini gramu 1.2 hadi 1.6 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wako. Figo zikiwa na shida, daktari kwanza.